Moluska wanaokula mbao baharini: kwa nini mti mmoja unaliwa na mwingine unasimama

Nguzo ya mbao iliyosimamishwa baharini inaweza kuonekana nzima kwa macho, bila ufa na bila kuoza, kisha siku moja ikavunjika kama mkate mkavu. Ukiipasua unakuta ndani imejaa matundu marefu yaliyolala pamoja kama mabomba, mengine yenye unene wa kidole. Aliyefanya kazi hiyo ni teredo, kiumbe laini cha maji ya chumvi ambacho kimeharibu meli, kimeangusha magati ya bandari na kimewalazimisha Waholanzi kubadilisha kuta zinazozuia bahari isiingie katika nchi yao.

Wakaaji wa Uvira, Kalemie, Bukavu na Goma hawamjui, na kuna sababu. Boti za mbao za maziwa yetu zinaoza, zinapasuka kwa jua, zinaliwa na mchwa zikivutwa nchi kavu, lakini teredo hazigusi. Lita 1 ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana kama gramu 1 tu, na Tanganyika chini ya hapo. Katika maji kama hayo teredo hawezi kuishi wala kuzaa.

Hata hivyo habari zake zinaigusa Afrika ya Kati kwa njia nyingine. Mmoja kati ya miti ambayo Ulaya inategemea kupambana naye, azobe, unatoka katika misitu ya upande huu wa Afrika. Na Kongo yenyewe ina mlango kwenye bahari, huko Muanda na Banana, ambako ujuzi wa seremala wa ziwani hautoshi.

Swali ambalo wajenzi wa bandari wamejiuliza kwa karne nyingi ni hili: kwa nini mti mmoja unamalizika ndani ya mwaka 1, na mwingine unakaa miaka mingi katika maji yale yale? Wengi wanajibu kwamba ni ugumu. Jibu hilo halitoshi.

Si mnyoo, ni jamaa ya chaza

Kwa muda mrefu watu walimwita mnyoo, kwa sababu mwili wake ni mrefu, mweupe na mwembamba. Mwaka 1733, mtaalamu Godfrey Sellius alimchunguza kwa makini na kuonyesha kwamba ni moluska, jamaa ya chaza na kome, wale wenye maganda mawili. Mwaka 1758 Linnaeus akampa jina ambalo aina inayojulikana zaidi inalo hadi leo: Teredo navalis. Jamaa nzima ina aina zaidi ya 60.

Maganda yake mawili yapo, lakini ni madogo na yamebaki upande wa kichwa tu. Hayamfuniki tena. Yamegeuka kuwa kifaa cha kazi: yana mistari ya meno madogo makali, na mnyama anayasugua kwenye mbao mbele na nyuma, kama mtu anayetumia tupa. Vumbi la mbao linaingia kinywani.

Kula mbao si jambo rahisi. Wanyama wengi hawawezi kusaga selulozi, ile nyuzi inayofanya mwili wa mti. Teredo anasaidiwa na bakteria wanaoishi ndani ya matamvua yake, viungo vya kupumulia. Bakteria hao wanatengeneza vimeng'enya vya kuivunja selulozi hadi iwe sukari. Wanampa pia naitrojeni, ambayo ni adimu sana ndani ya mbao na bila hiyo mwili haujengi nyama. Kwa hiyo nguzo kwake ni nyumba na chakula kwa wakati mmoja.

Mlango kama kichwa cha pini

Teredo haingii kwenye mbao akiwa mkubwa. Anapozaliwa ni kitoto kidogo sana kinachoelea majini. Jike mmoja wa Teredo navalis anaweza kutoa vitoto kwa mamilioni. Kwa wiki mbili au tatu vinabebwa na mikondo ya maji, vikitafuta mbao. Kisichopata mbao kinakufa. Kinachopata kinashika, kinatoboa tundu dogo kama kichwa cha pini, na kinaingia.

Tangu hapo hatoki tena maisha yake yote. Anakua akiwa ndani, na tundu linapanuka pamoja naye, lakini mlango wa nje unabaki mdogo. Ndiyo maana fundi anayepita na mtumbwi wake kando ya gati haoni kitu. Teredo navalis anaweza kufikia sentimeta 20 au 30 na zaidi, na nyuma yake anapaka kuta za tundu kwa chokaa nyeupe, kama mtu anayepiga plasta.

Anafuata kwa kawaida nyuzi za mti. Akikutana na fundo au na tundu la jirani yake, anageuka. Nguzo moja inaweza kuwa na mamia ya wakaaji, na matundu yao hayaingiliani. Ubao unabaki na kuta nyembamba kama karatasi kati ya tundu na tundu, hadi uzito wa gati, wimbi au mashua inayogonga unapouvunja.

Mkiani ana mirija miwili midogo inayotokeza kwenye mlango, mmoja wa kuvuta maji na mwingine wa kutoa. Maji yakiwa mabaya, anairudisha ndani na kuufunga mlango kwa vifuniko viwili vya chokaa. Akiwa amejifungia hivyo anaweza kuvumilia wiki kadhaa. Zamani mabaharia walipeleka meli zao ndani ya mito ili maji matamu yaue teredo, lakini safari ya siku mbili tatu haikutosha. Meli ilipaswa kukaa.

Jirani yake anayetafuta nyumba tu

Teredo si moluska pekee anayetoboa mbao. Katika bahari za joto yupo pia Martesia, jamaa nyingine kabisa. Huyu amebaki na maganda yake makubwa, ana umbo la peasi dogo, na matundu yake ni mafupi na mapana, karibu na uso wa ubao.

Tofauti kubwa ni kwamba Martesia hali mbao. Anaitoboa ili apate mahali pa kujificha, na chakula chake anakichuja kutoka majini. Kwa sababu hiyo sumu iliyo ndani ya mti, ambayo ingemuua anayeila, haimsumbui sana. Amekutwa hata ndani ya mabomba ya plastiki. Mjenzi anayechagua mti kwa sababu unamshinda teredo anaweza kushangaa kuona Martesia ameufungua.

Na katika kina kirefu cha bahari, mahali pasipofika mwanga, wapo Xylophaga, ambao wanakula miti na meli zilizozama. Kila maji yana mlaji wake.

Njia tatu za mti kujilinda

Msonobari, ambao wengi hapa wanauita sapini, ni mwepesi kufanyia kazi, mrefu na ulionyooka. Ulaya na Amerika zimejenga magati mengi kwa mti huo. Lakini bila dawa, katika maji ya joto yenye teredo wengi, nguzo ya msonobari inaweza kumalizika chini ya mwaka 1. Mwaloni, mti mgumu ambao Ulaya ilijengea meli zake za vita, unachelewa kidogo tu. Nao unaliwa. Msaji, yaani teki, una sifa kubwa kwa watengenezaji wa meli, na mafuta yake yanausaidia, lakini katika bahari za joto matokeo yake yanabadilika kutoka mahali hadi mahali. Hakuna mti unaokingwa kabisa.

Miti inayostahimili inatumia njia tatu, peke yake au kwa pamoja.

Ya kwanza ni sumu. Kiini cha mti kinaweza kuwa na kemikali chungu ambazo mti wenyewe ulizitengeneza ulipokuwa hai. Mfano mkubwa ni mti wa Guyana, Amerika ya Kusini, unaoitwa greenheart katika biashara, ambao ulitumika katika magati ya Liverpool. Una alkaloidi, kundi lile lile la kemikali ambamo kuna kinini, inayotoka kwenye maganda ya kinkina inayolimwa Kivu. Hata maganda ya greenheart yaliwahi kutumika kama dawa ya homa. Katika maji baridi ya Ulaya mti huu ulidumu sana. Katika maji ya joto sifa yake si ya uhakika namna hiyo.

Ya pili ni silika, madini yanayofanya mchanga. Miti fulani inanyonya silika kutoka ardhini na kuiweka ndani ya mbao kama punje ndogo sana. Maseremala wanaijua miti hiyo kwa sababu misumeno yao inapoteza makali haraka. Teredo naye anasugua kwa meno yake na yanachakaa. Wataalamu wanataja karibu nusu ya asilimia 1 ya uzito wa mbao kavu kama kiwango ambacho silika inaanza kumzuia. Basralocus wa Suriname na Guyane ni mfano unaojulikana. Mwingine ni mti wa Australia unaoitwa turpentine, ambao una silika na utomvu kwa pamoja. Nguzo zake zilisimamishwa baharini pamoja na maganda yake, kwa sababu maganda hayo nayo ni kinga.

Ya tatu ni uzito na ugumu. Hapa ndipo azobe anaingia. Meta 1 ya ujazo ya azobe kavu ina uzito unaopita kilo 1,000, yaani unazama majini. Mbao yake imeshikana sana, na kitoto cha teredo kinapata shida kuanza tundu.

Lakini ugumu peke yake hauokoi kila mti. Iroko, ambao katika biashara ya Kongo unaitwa kambala na ambao Waswahili wanauita mvule, una sifa nzuri mbele ya kuoza na mchwa. Milango na fanicha zake zinakaa miaka. Hata hivyo hauhesabiwi miongoni mwa miti ya kwanza kwa nguzo za baharini. Adui wa nchi kavu na adui wa maji ya chumvi si mmoja, na silaha inayomshinda huyu inaweza isimguse yule.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wanasahau. Kinga yote hiyo ipo katika kiini. Sehemu nyeupe ya nje, ile iliyokuwa ikipitisha maji mti ulipokuwa hai, haina ulinzi kwa karibu aina zote. Viwango vya Ulaya vinaihesabu kuwa haidumu. Ubao wa azobe ulioachiwa ukanda wa sehemu nyeupe unampa teredo mlango.

Radiografi ya mbao

Ili kujua ukweli, watafiti hawategemei sifa za sokoni. Wanakata vipande vya mbao vya kipimo kimoja na kuvitundika baharini. Kipande cha msonobari bila dawa kinawekwa pembeni kama shahidi: kama hakikuliwa, basi pale hapakuwa na teredo na jaribio halina maana.

Kila mwaka vipande vinatolewa na kupigwa radiografi, kama mgonjwa aliyevunjika mguu. Kwenye picha matundu yanaonekana meupe kwa sababu ya chokaa yao, hata kama nje ubao ni mzima. Kipande kinapewa alama kutoka 0, yaani hakikuguswa, hadi 4, yaani kimekwisha. Kiwango cha Ulaya kinataka jaribio liendelee angalau miaka 5.

Viwango vya Ulaya vinagawa pia matumizi ya mbao katika madaraja 5. La 1 ni ndani ya nyumba kavu. La 4 ni mbao inayogusa ardhi au maji matamu. La 5 ni bahari. Boti ya Tanganyika na gati la Banana haviko katika daraja moja, hata kama vyote vinagusa maji. CIRAD, taasisi ya Ufaransa inayochunguza kilimo na misitu ya nchi za joto, inaitaja azobe katika kadi zake miongoni mwa mbao zinazofaa daraja la 5.

Waholanzi walipoogopa

Kile kinachotokea mbao ikichaguliwa bila kumjua adui, Uholanzi ilikiona kabla ya nchi nyingi. Sehemu kubwa ya nchi hiyo iko chini ya usawa wa bahari. Katika karne ya 18, kuta za udongo zilizozuia maji zilikingwa kwa mbele na mistari ya nguzo na mbao nzito.

Kuanzia 1730 na 1731, kwanza katika kisiwa cha Walcheren na baadaye katika Friesland ya Magharibi, nguzo zilianza kuvunjika. Zilipokaguliwa zilikuwa zimejaa matundu. Hofu iliingia. Wahubiri wengi walisema ni adhabu ya Mungu kwa dhambi za taifa. Wengine walijaribu kupaka sumu na lami, au kupigilia misumari iliyokaribiana hadi uso wa mbao ufunikwe na chuma.

Mwaka 1733, Pieter Straat na Pieter van der Deure walipendekeza kitu kingine: kuacha mbao, na kuweka mteremko wa mawe mbele ya ukuta. Pendekezo lilifuatwa, kidogo kidogo, kwa garama kubwa. Tatizo ni kwamba Uholanzi ni nchi ya matope na mchanga. Mawe yaliokotwa katika mkoa wa Drenthe na mengine yaliagizwa ng'ambo. Uhitaji ulikuwa mkubwa hadi mwaka 1734 wakuu wa Drenthe walikataza watu kubeba mawe ya makaburi ya kale yaliyokuwa yanavunjwa ili kuuzwa.

Katika karne iliyofuata, tume ya Akademia ya Sayansi ya Uholanzi ilijaribu mbao na dawa nyingi. Dawa iliyoonekana kufaa zaidi ilikuwa kreosoti, mafuta meusi yanayotokana na makaa ya mawe, yakisukumwa ndani ya mbao kwa nguvu. Kreosoti ilitumika dunia nzima, lakini ni sumu pia kwa watu na samaki, na leo Ulaya imeiwekea masharti makali. Mlango huo ulipoanza kufungwa, miti yenye kinga ya asili ilipata thamani zaidi.

Maji yanapobadilika, sheria inabadilika

San Francisco, Marekani, ilijifunza somo la pili: mbao iliyo salama leo inaweza isiwe salama kesho. Sehemu ya kaskazini ya ghuba yake hupokea maji matamu ya mito, na kwa miaka mingi wajenzi walisimamisha pale nguzo bila dawa. Teredo wa asili ya pale alihitaji chumvi nyingi na hakufika huko.

Kabla kidogo ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Teredo navalis alionekana. Huyu anavumilia maji yenye chumvi kidogo kuliko wenzake. Miaka yenye mvua chache ilipofuata, chumvi ilipanda ndani ya ghuba, naye akapanda nayo. Kati ya 1919 na 1921 magati, vituo vya vivuko na maghala vilianguka kimoja baada ya kingine. Mbao haikuwa imebadilika. Maji ndiyo yalibadilika.

Upande wa pili wa habari hiyo ni meli ya Vasa. Ilizama Stockholm, Uswidi, mwaka 1628, na ilipoinuliwa mwaka 1961 sehemu kubwa ya mwaloni wake ilikuwa nzima. Bahari ya Baltiki upande huo ina chumvi kidogo mno kwa teredo. Meli ya Ernest Shackleton, Endurance, iliyozama karibu na Antaktika mwaka 1915, ilikutwa mwaka 2022 kwenye kina cha meta 3,008 ikiwa bado na umbo lake, kwa sababu bahari hiyo haina moluska hao. Christophe Colomb hakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1503 meli zake mbili za mwisho zilikuwa zimetobolewa hivi kwamba alizipandisha ufukweni Jamaika, na akakwama huko mwaka mzima.

Shaba, moto na chokaa

Watu wa bahari hawakungoja wataalamu. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza lilifunika tumbo la meli HMS Alarm kwa mabati ya shaba, madini yale yale ambayo leo yanachimbwa Katanga. Shaba ilizuia vitoto vya teredo kugusa mbao, na baada ya miaka 20 hivi karibu meli zote za jeshi hilo zilikuwa nayo.

Kwenye pwani ya Waswahili, Zanzibar, Lamu na kwingineko, mafundi walikuwa na njia ya bei nafuu. Maji yakipwa, chombo kinaegeshwa mchangani, tumbo linakwanguliwa, kisha moto wa makuti unapitishwa chini yake ili kuua waliokwisha kuingia. Baadaye linapakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama. Kazi inarudiwa mara kwa mara. Siri yake ni muda: kuua teredo akiwa bado mdogo, karibu na uso wa mbao.

Mhandisi Marc Isambard Brunel, inasimuliwa, alipata kwa teredo wazo la chombo cha kuchimba njia chini ya mto Thames, London. Chombo kinasaga mbele, na nyuma kuta zinajengwa mara moja ili udongo usianguke, kama teredo na chokaa yake. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1843 na bado inapitisha treni.

Azobe: mti wetu, milango yao

Leo azobe inaonekana sehemu nyingi za Uholanzi: kwenye nguzo za bandari, kwenye vizuizi vya mawimbi, na kwenye milango mikubwa ya mifereji inayopandisha na kushusha meli. Mti huo, Lophira alata kwa jina la kisayansi, unatoka hasa Kameruni na Gabon. Wajerumani wanauita bongossi, Waingereza ekki.

Si mti wa miujiza. Katika maji baridi ya Ulaya unadumu miaka mingi, lakini baada ya muda teredo wanaweza kuuingia, na katika bahari za joto muda huo unapungua. Na una deni lake msituni. Azobe inayokatwa ni miti mikubwa iliyochukua miaka mingi kukua, na aina hiyo imewekwa na shirika la kimataifa IUCN katika orodha ya miti iliyo hatarini. Kila nguzo inayobadilishwa kabla ya wakati kwa sababu ilichaguliwa vibaya, au kwa sababu iliachiwa sehemu nyeupe, inaita mti mwingine kukatwa Afrika.

Ndiyo sababu Waholanzi wameanza kuokoa mihimili ya zamani ya azobe, kukata sehemu iliyoharibika na kuitumia tena. Wengine wanabadilisha msonobari kwa kemikali inayotokana na siki, hadi bakteria na vimeng'enya vya teredo visiweze kuusaga. Majaribio ya baharini ya mbao hiyo yamekuwa mazuri. Ikiendelea hivyo, mti wa bei nafuu unaolimwa unaweza kufanya kazi ya mti wa msitu wa asili.

Mlango wa Kongo kwenye bahari

Pwani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni fupi, kama kilometa 40, lakini ni kati ya sehemu ambazo swali la mbao ni gumu zaidi. Kwenye mdomo wa mto Kongo, maji matamu ya mto yanapita juu, na maji mazito ya chumvi yanaingia chini yake kutoka baharini. Nguzo moja inaweza kuwa na kichwa katika maji ya mto na mguu katika maji ya bahari. Mwenye kuonja maji ya juu na kusema "hapa hakuna chumvi" anaweza kudanganyika, hasa wakati wa kiangazi mto unapopungua.

Huko pia kuna misitu ya mikoko, inayolindwa tangu 1992 na Hifadhi ya Bahari ya Mikoko. Katika misitu kama hiyo, dunia nzima, jamaa ya teredo ina kazi ya maana: inavunja miti iliyokufa, inarudisha chakula chake majini, na matundu yake yanakuwa nyumba za samaki wadogo na kaa. Bila wao pwani za joto zingejaa magogo. Teredo anakuwa adui pale tu binadamu anapoweka mbao yake katika maji ya chumvi.

Kwa fundi anayetoka ziwani kwenda kufanya kazi baharini, maswali ya kuuliza kabla ya kununua ni machache. Maji ya mahali pale yana chumvi kiasi gani, juu na chini, masika na kiangazi? Nguzo za zamani za jirani zilikaa miaka mingapi, na ukizikata zina nini ndani? Mti unaouzwa ni kiini kitupu, au umebaki na sehemu nyeupe? Je, kuna Martesia pale, ambaye sumu ya mti haimtishi? Na je, sehemu inayokaa majini lazima iwe mbao, au mawe na saruji vinaweza kuifanya, ili mbao ibaki juu ya maji?

Anayeuza atasema mti wake ni mgumu. Huenda anasema kweli. Lakini mvule ni mgumu, mwaloni ni mgumu, na vyote viwili vina wakubwa wao baharini. Kipande kidogo cha mti huo, kikitundikwa pale pale kwa mwaka 1 pamoja na kipande cha sapini kama shahidi, kisha vikipasuliwa kwa shoka, kitajibu vizuri kuliko muuzaji.